Goma: Mji Uliopanda Juu ya Lava

Katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, kulikuwa na majengo ambayo ghorofa yake ya juu iligeuka kuwa ya chini. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni upande wa kusini, uji wa moto ukashuka, ukaukata mji hadi Ziwa Kivu. Ulipopoa ulikuwa mwamba mweusi wa kimo cha mtu, kwingine zaidi. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao.

Kuuondoa mwamba huo kulitaka mashine na fedha, na mji ulikuwa bado vitani. Watu wakaupanda, wengine mwamba ungali na joto. Walisawazisha mabonge kwa nyundo na mtaimbo, wakajaza mianya kwa kokoto, kisha wakasimamisha nyumba za mbao juu ya mawe machache, pasipo kuchimba msingi. Nyumba hizo huonekana za kimaskini, lakini zina akili yake. Ni nyepesi, kwa hiyo tetemeko huzitikisa tu. Na asiye na hati ya kiwanja, akifukuzwa, hung'oa misumari akapakia mbao kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Jiwe lenyewe ndilo lililosaidia. Liokote uliangalie: limejaa vitundu vya gesi kama mkate uliochachuka. Nyundo hulipasua bila taabu kubwa, na saruji ikiingia vitunduni hushika barabara. Ndiyo maana kuta za nyua za Goma ni nyeusi zenye mistari ya kijivu, na kugonga kokoto kukawa kazi ya kuwalisha watu.

Kazi ya kujenga ilifanikiwa juu ya ardhi. Chini yake hesabu ni nyingine. Shimo la choo kwenye lava ni kazi ya siku nyingi, na likipatikana huwa fupi, tena nyufa za mwamba husafirisha uchafu. Bomba nalo halizikiki kirahisi. Mji uko ukingoni mwa ziwa, na bado watu wanapanda kutoka ziwani na madumu ya njano ya maji, bidoni kwa lugha ya wenyewe. Kipindupindu hakikuja Goma kwa bahati mbaya.

Uwanja wa ndege ulionyesha hasara ya kuacha mwamba palepale. Lava ilifunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, kilomita 3 zikabaki kama 2. Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaani. Wengi waliokufa walikuwa chini, kwenye shughuli zao. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa kuuboresha uwanja huo, miaka 13 baada ya mlima kulipuka.

Tarehe 22 Mei 2021 lava ilirudi, ikasimama Buhene, karibu na uwanja huohuo. Safari hii iliharibu tangi na mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Atakayekuja na mpango mwingine wa kuijenga Goma aanze na bomba. Nyumba, wenyeji wanajua kuzisimamisha.