Shokapu Mpya, Springi Iliyochoka

Toyota IST ile iliingia gereji ikiwa imelalia kulia. Ukipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, upande wa dereva ulikuwa chini kwa karibu sentimita mbili. Mwenye gari alitaka abadilishiwe shokapu tu. Kwa kipimo kile, shokapu hazikuwa jibu. Kinachobeba uzito wa gari ni springi. Shokapu, kwa mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vya pistoni, huizuia springi isiendelee kuruka baada ya tuta. Gari likilala upande, anza kuchunguza springi.

Fundi alipotoa tairi na kupangusa bakuli la chini la springi, akamwita mwenyewe. "Ona bosi, mkia umekatika." Kipande cha kama inchi mbili kilikuwa kimebaki bakulini, kimeliwa na kutu. Springi nyingi hukatikia hapo hapo. Maji na mchanga hutuama, rangi inakwanguka, kutu inachimba, na matuta yanamalizia.

Mpangilio huu wa springi kuzunguka shokapu, na shokapu yenyewe kuwa sehemu ya mguu, unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940. Una maana kubwa kwa fundi: ukitoa bolti mbili za chini, hakuna tena kinachoshika gurudumu kwa juu. Ndiyo maana kwanza alichomoa paipu ya breki na waya wa ABS kwenye vishikizo vyake, kisha akafunga habu kwa waya isiangukie nje na kuvuta paipu. Mahali pa bolti akapawekea alama ya chaki.

Nati ya katikati, ile ya juu kabisa, hakuigusa mpaka springi ilipobanwa kwa klampu mbili zinazotazamana, akizikaza kwa zamu, kidogo kidogo. Springi ikiachiwa ghafla inaweza kuua mtu. Wapo mafundi ambao fimbo ya shokapu ikizunguka wanaibana kwa koleo. Ule mkwaruzo kwenye kromu hukata sili, na shokapu mpya inaanza kuvuja mafuta mapema. Huyu aliishika fimbo nchani, juu ya nyuzi, akafungua kwa spana.

Shokapu mpya alizisimamisha na kuzipampu mara kadhaa kutoa hewa. Mkia wa springi mpya akaugotesha kwenye ngazi ya bakuli. Ukiachwa mbali, springi hujizungusha na kugonga. Raba ya kugota, kava la vumbi na maunti ya juu vikawa vipya, pande zote mbili. Nisingekubali shokapu za mtumba hapa, hata kwa bei ya kutupwa: uchakavu wa ndani hauonekani kwa macho.

Nisipokubaliana naye ni kwenye ile chaki. Alisema imetosha, alaimenti haina haja. Lakini alama ile ilinukuu mkao wa gari lililokuwa limezama. Springi mpya zimeinua bodi, na mkono wa chini pamoja na fimbo za usukani vimebadili pembe. Bolti zikirudi palepale, matairi bado yanaweza kuelekea kwingine. Gari hili lilipaswa kusukumwa mbele na nyuma likae sawa, kisha likapimwe siku hiyohiyo, kabla halijaanza kula matairi upande mmoja.