Kitabu Kinachokuja na Jakuzi

Jaladani watu wanne wanacheka, povu limewafika kifuani. Funua ukurasa, unakutana na kifo. Hivyo ndivyo vinavyoanza vitabu vya maelekezo ya majakuzi ya nyumbani yanayouzwa Marekani: mtoto anaweza kuzama, umeme unaweza kuua, nywele zinaweza kunaswa kwenye tundu linalofyonza maji. Kurasa kadhaa mbele ndipo mnunuzi anapoambiwa jakuzi lake alikalishe wapi. Mpangilio huu si ubunifu wa mwandishi. Kiwango cha usalama kiitwacho UL 1563, kilichoandikwa na kamati, kinadai maonyo yawemo, ndiyo maana yanasomeka karibu sawa kwa kila kampuni, mithili ya viapo vya mahakamani. Lakini andiko la kamati nalo lina fani yake.

Na kifungu bora kuliko vyote kimo humo humo kwenye maonyo. Kinaeleza yanayompata mtu ambaye joto la mwili wake limepanda nyuzi kadhaa juu ya 37. Dalili zinatajwa harakaharaka: kizunguzungu, ulegevu, usingizi, kuzirai. Kisha inakuja orodha ya madhara, na hapo andiko linabadilika sura. Mtu haoni tena hatari inayomjia, hahisi joto, hajui kwamba inampasa atoke, hata angejua, viungo havimtii, mwisho anapoteza fahamu majini. Tazama jinsi orodha inavyoshuka. Kila kipengele kinamnyang'anya msomaji kitu kimoja: kwanza akili, halafu ngozi, halafu miguu. Katikati ya mteremko huo linachomekwa dhara kwa mimba, mwili wa pili usiohusiana na ngazi nyingine, nao unakwaza mwendo wa orodha kwa namna ambayo mhariri makini asingeikubali. Mimi ningeuhamisha.

Kinachonivutia zaidi ni nafsi. Kurasa zote zilizobaki zimejaa amri: weka, funga, pima, usiguse. Zinamsemesha "wewe" anayesikia na anayeweza kutii. Kwenye orodha hii "wewe" ametoweka na amri zimekoma. Yamebaki majina ya mambo yanayoshindikana. Sidhani kama kamati ilikusudia, lakini fani imetambua jambo ambalo amri haiwezi kulitatua: aliyepungukiwa fahamu hawezi kuamrishwa atoke. Kwa hiyo amri zote zinarudishwa nyuma, kwenye wakati ambapo msomaji bado ni mkavu. Maji yasizidi nyuzi 40. Ukipanga kukaa zaidi ya dakika 10, yapunguze joto. Pombe usiguse. Joto lipime kwa kipimajoto cha uhakika kabla hujaingia, kwa kuwa kidhibiti cha mashine chenyewe huweza kukosea.

Sura ya ufungaji haina mengi. Inakwenda moja kwa moja kama simulizi ya safari: sakafu ya zege isiyopungua sentimita 10 kwenda chini, maana jakuzi la watu sita lenye lita 1,500 lina tani moja na nusu ya maji matupu, kabla hujahesabu chombo na waogaji, kisha umeme, kisha maji. Kwenye umeme "wewe" anaachishwa kazi ghafla na fundi mwenye leseni anaingia, mhusika mwenye taaluma. Yeye ndiye anayefunga waya wa volti 240 na swichi ya kukatia umeme, ambayo sharti ionekane ukiwa kwenye jakuzi lakini isiwe karibu nalo chini ya futi 5. Kwenye maji napo kuna kasoro ya kweli. Vitabu kadhaa vinakuagiza ujaze, uwashe, ndipo kwa kisanduku cha kijivu vinakukataza kuwasha kabla maji hayajajaa. Anayesoma huku mkono uko kwenye swichi ameshaunguza hita. Katazo la namna hii mahali pake ni kabla ya kitenzi.

Sura ya utunzaji ndiyo ndefu, na ndiyo inayonikera. Wakati uliokuwa ukienda mbele sasa unazunguka: chujio lisuuzwe kila wiki, liloekwe kila mwezi, maji yabadilishwe kila miezi mitatu au minne. Pembeni kuna kanuni ya hesabu ambayo wengi huiruka: chukua galoni za maji, gawa kwa tatu, kisha gawa kwa idadi ya waogaji wa siku, upate siku ambazo maji yatadumu. Galoni 400 kwa wale wanne wa jaladani ni siku 33. Kalenda inasema miezi mitatu, hesabu inasema mwezi mmoja, na kitabu hakioni haja ya kuzipatanisha. Ni kwenye hesabu hii tu watu wanarudi ndani ya sura, nao wanarudi kama kigawanyo.

Halafu linakuja jedwali la dawa. Alkalini sehemu 80 hadi 120 kwa milioni, pH 7.2 hadi 7.8, klorini sehemu 3 hadi 5 kwa milioni. Mistari mitatu yenye urefu sawa, kana kwamba ni ndugu wa rika moja. Sivyo. Alkalini ndiyo inayoishikilia pH isiyumbe. pH ikipanda, klorini ile ile inapoteza makali. Na mapovu yenyewe, yale yaliyouza jakuzi, yanafukuza kaboni dayoksaidi majini na kuipandisha pH kila unapoyawasha. Huo ni mnyororo wa sababu na matokeo, lakini jedwali halina "kwanza" wala "halafu". Ndiyo maana mtu anaweza kumimina klorini siku baada ya siku, kipimo cha klorini kikasoma vizuri, na maji yakabaki na ukungu.

Aya fupi ingetosha kuliondoa jedwali hilo. Pima alkalini kwanza, irekebishe, uache pampu izunguke. Pima pH, irekebishe nayo, subiri tena. Ndipo utie klorini, peke yake, pampu ikienda na kifuniko kikiwa wazi.