Besi Iliyokatwa kwa Wembe

Novemba 1963 televisheni ya BBC ilianza kuonyesha tamthilia ya Doctor Who. Muziki wake wa utangulizi haukufanana na wa chombo chochote ambacho watazamaji wa Uingereza walikijua. Mtunzi aliyetajwa ni Ron Grainer. Aliyeutengeneza, noti moja baada ya nyingine, ni Delia Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills, katika karakana ya sauti ya BBC kwenye studio za Maida Vale, London. Jina la Derbyshire halikutajwa, kwa sababu wafanyakazi wa karakana ile walihesabiwa kuwa mafundi tu. Tukifuatilia kazi yenyewe ilivyofanyika, hesabu hiyo haisimami.

Grainer alimkabidhi Derbyshire karatasi moja tu. Ilikuwa na melodi, mstari wa besi, na maelezo ya sauti zinazofanana na mawingu au mapovu ya upepo. Sauti hizo zingetoka wapi? Sintesaiza zilikuwa hazijaanza kuuzwa. Alichokuwa nacho Derbyshire ni mashine za kurekodi kwa utepe, mitambo ya kupimia masafa ambayo wahandisi waliitumia kukagua vifaa vyao, wembe, na shahada ya Cambridge ya hisabati na muziki.

Chukua besi. Uzi mmoja ulidonolewa ukarekodiwa, na kutoka kwenye sauti hiyo moja zikazaliwa noti zote za besi. Utepe ukichezwa kwa kasi maradufu, sauti hupanda oktava nzima lakini muda wake hupungua kwa nusu. Ili kupanda hatua ndogo kabisa ya muziki, kasi lazima iongezwe kwa takriban asilimia 6. Kila noti, basi, ilirekodiwa upya kwa kasi yake, ikapimwa, ikakatwa na kuunganishwa na mwenzake. Utepe ukienda kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, noti ya nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19. Ukikosea sentimita 2, mdundo unayumba, na sikio linajua. Derbyshire alikuwa anapima muda kwa rula.

Melodi inayopaa juu ya besi ilitoka kwenye ile mitambo ya kupimia. Masafa yalibadilishwa kwa kuzungusha kitufe kwa mkono, ndiyo maana noti zinateleza kama sauti ya mtu anayeimba. Mawingu ya Grainer yalichujwa kutoka kwenye mvumo unaobeba masafa yote kwa pamoja, ule unaousikia redio ikikosa stesheni.

Mashine ya kurekodi sauti nyingi sambamba kwenye utepe mmoja hawakuwa nayo. Kila tabaka lilikaa kwenye utepe wake, mashine zikawashwa kwa mpigo mmoja, na mchanganyiko ukanaswa kwenye utepe mwingine. Siku moja tabaka zilikataa kulingana. Wakazitandaza tepe sakafuni kwenye ukumbi mrefu wa jengo, ubavu kwa ubavu, wakalinganisha maungio mpaka wakakiona kipande kilichozidi.

Grainer alipousikia muziki huo alishangaa mno, akataka Derbyshire agawiwe nusu ya mirabaha. BBC ikakataa. Mimi naona mtunzi mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi bora kuliko wote: alijua nini kilikuwa kwenye karatasi yake na nini hakikuwemo. Nguvu ya kila noti, namna inavyoanza, namna inavyofifia, yote yaliamuliwa mezani kwa Derbyshire. Kuamua hayo ni kutunga.

Kukataliwa huko hakukuwa kwa kwanza: Derbyshire alipoomba kazi katika kampuni ya kurekodi muziki ya Decca mwaka 1959 aliambiwa hawaajiri wanawake kwenye studio za kurekodi. Alifariki mwaka 2001. Tamthilia yenyewe ilimtaja kwa muziki huo kwa mara ya kwanza mwaka 2013, katika kipindi cha kuadhimisha miaka 50.

Mwaka 1980 karakana hiyohiyo iliutengeneza upya muziki huo kwa sintesaiza. Sikiliza matoleo yote mawili, ukianza na besi. Katika lile la 1963 kila noti inaanza kwa ukali wake, na ukali huo ulitokana na mahali wembe ulipopita.