Barua Isiyo na Hasira

Barua nzuri ya kuomba rekodi za serikali haina hasira ndani yake. Haisemi "tumechoka," haimtaji gavana, wala haikumbushi ahadi za kampeni. Ina tarehe, jina la karatasi inayotakiwa, mwaka wa fedha na saini. Ukiipitia haraka utadhani aliyeiandika hana uchungu na jambo lake. Isome polepole, utaona kila neno limewekwa kuziba tundu ambalo jibu la kukwepa lingepenyea.

Tuchukue zahanati moja ya kijijini nchini Kenya. Wananchi waliahidiwa chumba cha kujifungulia, kuta zikapanda hadi kwenye linta, kisha mafundi wakafunga virago. Mwenye uchungu ataiandikia kaunti: "Naomba kujua pesa za zahanati yetu zilikwenda wapi." Swali ni la haki, lakini kule ofisini halina jalada. Afisa atajibu kwa adabu kwamba mradi unaendelea, na kesi imeishia hapo.

Stadi wa kazi hii huandika hivi: "Naomba nakala ya mkataba kati ya kaunti na mkandarasi wa mradi huu, mwaka wa fedha 2023/2024; BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) iliyoambatanishwa na mkataba huo; vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi leo; na ripoti za kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi." Vitu vinne tu. Lakini kila kimoja ni karatasi ambayo kuna mtu alipaswa kuitia saini kabla ya shilingi kutoka. Afisa amebaki na njia mbili: atoe karatasi, au aandike kwamba haipo. Na akiandika kuwa pesa zimelipwa lakini cheti hakipo, amemkabidhi mwombaji habari nzito kuliko cheti chenyewe.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Mwombaji amejifunza ofisi ambayo hajawahi kuajiriwa ndani yake. Anajua nani humwandikia nani, kipi hutangulia kipi, na wapi kila hatua huacha wino. Anayeomba "nyaraka zote kuhusu barabara za wadi" amekokota juya: atavuta mwani na takataka, na huenda akajibiwa kwamba ombi lake halieleweki. Stadi huvua kwa mshipi, juu ya mwamba anaoujua.

Mwamba huo haujui kwa bahati. Kabla ya kuandika neno, husoma vilivyokwisha kutangazwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupaswa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka kuhusu matumizi ya kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa zake kila mwaka. Humo stadi hutafuta kitu kidogo ambacho wengi hukiruka: jina la mradi kama lilivyochapishwa. Kijijini watu huweza kuuita "wodi ya kina mama ya karibu na kisima," na kwenye bajeti ukawa umefichwa chini ya "uboreshaji wa vituo vya afya, awamu ya pili." Anayeomba kwa jina la kisima atajibiwa kwamba hakuna mradi wa jina hilo, na huenda aliyejibu hana hatia yoyote.

Sheria yenyewe ni rafiki zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza namna. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika lazima asaidiwe. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, na ada ya nakala haipaswi kuzidi gharama halisi ya kuzitoa. Sababu za mwombaji hazipunguzi haki yake, ndiyo maana stadi hazitaji kabisa: sababu iliyoandikwa hukaribisha mjadala, na mjadala hula siku.

Siku ndizo anazozilinda. Hupeleka barua nakala mbili, moja ikabaki masijala, nyingine ikarudi naye ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe inayosomeka. Kuanzia tarehe hiyo ofisi ina siku 21 za kuamua; ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Muda waweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Ikiwa karatasi ziko ofisi nyingine, ombi hupaswa kuhamishiwa huko ndani ya siku 5, si mwombaji kuambiwa "nenda ukaulize ng'ambo." Na siku zikipita kimya kimya, sheria hukihesabu kimya hicho kuwa kukataliwa, na mwombaji ana siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Asiye na mhuri hana siku ya kuanzia kuhesabu.

Karatasi zikija, ufundi hugeuka kuwa wa kusoma. BQ ni safu za maelezo, kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. Haitaki shahada, yataka kanda ya kupimia na mtu asiyeona haya kuinama. Mwaka 2007, kabla sheria hii haijatungwa, shirika la Muslims for Human Rights la Mombasa lilifanya hivyo Changamwe kwa miradi ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge. Lilikuwa limejifunza kwa Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, chama cha wakulima na vibarua wa Rajasthan, India, kilichoanza kusoma hesabu za miradi hadharani katika miaka ya 1990. Wakazi walifundishwa kusoma nyaraka, wakaenda kwenye miradi yenyewe kulinganisha, kisha matokeo yakasomwa katika baraza mbele ya wote.

Subira ya kazi hii wakati mwingine hupimwa kwa miaka. Desemba 2019, wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliiomba serikali mikataba ya reli ya kisasa, SGR. Hawakupewa, wakaenda mahakamani. Mei 2022, Mahakama Kuu ya Mombasa ilitamka kwamba kuwanyima kulivunja haki yao ya kikatiba, na Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi akaweka hadharani mikataba ya mkopo, ingawa si kila kilichoombwa. Kesi yote ilisimama juu ya barua: ilikuwa na tarehe, ilitaja kinachotakiwa, na ilipelekwa kunakohusika.

Lakini barua nzuri haiandikwi kwa ajili ya hakimu peke yake. Katika ofisi nyingi yupo karani mwadilifu anayejua jalada lilipo na hana ubavu wa kulitoa kwa hiari yake. Barua ya matusi humfungia mdomo, kwa sababu akiijibu ataonekana amejiunga na upande. Barua safi, yenye kifungu cha sheria na jina sahihi la karatasi, humpa kitu cha kumwekea mkubwa wake mezani na kusema: bwana, hili sheria inatutaka tulitoe. Stadi humwandikia huyo, hata kama hatamjua kamwe, na ndiyo maana hasira yake huiacha nyumbani.