Kaya ya Thelathini na Moja

"Unafanya kazi?" Mama aliyeulizwa, pale Tandika, alijibu, "Hapana mwanangu, nipo tu nyumbani," huku akigeuza vitumbua vya wateja waliokuwa wakisubiri barazani. Muulizaji, mwanafunzi wa uzamili wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakubishana naye. Aliandika jibu lilivyotoka. Jioni akalikata swali na kuweka jingine, refu zaidi: katika siku saba zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kukuingizia chochote, hata kwa saa moja? Kipimo hicho cha saa moja hutumiwa pia na Shirika la Kazi Duniani. Kesho yake akarudi kulijaribu kwa watu wengine.

Barua ya utambulisho ilipokwisha kupita kwa mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, akaanza kuorodhesha kaya. Si nyumba. Nyumba moja ya kupangisha yenye vyumba sita huweza kuwa na kaya sita, kwa hiyo aliuliza chumba kwa chumba nani anakula na nani. Mtaa wa kwanza ulifika kaya 180. Alihitaji 15, akagawa, akapata 12. Namba ya kuanzia, kati ya 1 na 12, ikatoka kwa nasibu: 7. Tangu hapo hakuwa na hiari tena. Ni 7, 19, 31, 43, hivyo hivyo mpaka 175.

Hata ndani ya kaya, anayefungua mlango si lazima awe ndiye anayehojiwa. Huandikwa kwanza watu wazima wote kwa mpangilio, kisha jedwali humtaja mmoja wao. Njia hii ilichapishwa mwaka 1949 na Leslie Kish, mtakwimu mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Michigan. Bila ya utaratibu wa namna hii, utafiti hujaa majibu ya wanaoshinda nyumbani.

Katika kaya ya 31 jedwali lilimtaja kijana wa bodaboda, anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Kaya ya 32 walikuwepo wote, tena wakarimu. Walimkaribisha chai. Akanywa, akashukuru, wala hakumhoji mtu. Alimrudia yule kijana asubuhi, jioni, hata Jumapili, mpaka akamkuta anaosha pikipiki. Wengi wangehoji jirani, na hakuna msimamizi ambaye angejua. Mimi nilimheshimu zaidi kwa chai ile kuliko kwa hesabu zote alizozifanya baadaye.

Umri nao una kazi yake. Watu wengi huukadiria: 40, 45, 50, na marundo hayo huonekana hata katika sensa. Yeye alibeba kalenda ya matukio: Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera, kifo cha Mwalimu Nyerere mwaka 1999. "Shikamoo bibi. Vita vya Kagera vinaanza, ulikuwa umeshaolewa?" Bibi akafikiri, akahesabu watoto kwa vidole, na mwaka ukasogea karibu.

Kisha kompyuta. Asiyejua umri wake ameandikwa 98, aliyekataa kuutaja 99. Programu ikiachwa hivyo itawahesabu wote kuwa wazee na kupandisha wastani. Alipitia safu moja baada ya nyingine. Mwanamke wa miaka 23 ana mtoto wa miaka 19? Hakufuta. Alifungua daftari la mahojiano, akakuta ni mtoto wa kambo.

Ikafuata mizani. Anayeishi peke yake akishafikiwa ni lazima atajwe. Anayeishi na watu wazima wanne wengine ana nafasi moja kati ya tano. Jibu la huyu wa pili, basi, hupewa uzito mara tano, kwa kuwa linabeba na wale ambao jedwali liliwaruka.

Rigresheni yenyewe, hesabu ya kupima uhusiano kati ya mambo, ambayo watu hudhani ndiyo kazi, ilichukua sekunde. Akaongeza amri ya kuikumbusha programu kwamba majirani wa mtaa mmoja hufanana. Makosa sanifu ya makadirio yakapanuka, na uhusiano mmoja aliokuwa ameutegemea tangu pendekezo la utafiti ukapoteza uthabiti wake. Akauacha kwenye jedwali la tasnifu na namba zake zote, akafuta ile nyota ya umuhimu wa kitakwimu iliyokuwa pembeni, akahamia safu iliyofuata.