Utabiri na Ndege: Tofauti ya Maana na Dhima ya Msemaji katika Tamthilia ya Kinjeketile

Katika kata ya Kasekese, mkoani Katavi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, bundi akilia usiku juu ya paa husemwa kuwa ameleta habari ya msiba. Kiswahili huiita dalili ya aina hiyo ndege, iwe njema au mbaya. Ni rahisi kwa mhakiki wa fasihi kuiweka ndege pamoja na utabiri chini ya anwani moja ya imani za jadi. Hoja ya sehemu hii ni kwamba kufanya hivyo kunafuta tofauti ya msingi, yaani kuwapo au kutokuwapo kwa msemaji.

Utabiri ni kauli. Una mtu aliyeutamka, maneno aliyoyatumia na, aghalabu, masharti aliyoyaweka. Kwa hiyo unaweza kuhojiwa au kukanwa. Ndege haina msemaji. Bundi hakusema neno. Maana imetiwa na aliyemsikia. Ni kweli kwamba mpaka huu una mianya. Kitenzi tabiri, chenye asili ya Kiarabu, hutumika pia kwa kufasiri ndoto, nayo ndoto hukaribiana na ndege kwa kuwa humsubiri mfasiri. Hata hivyo, mfasiri akishatamka huwa msemaji, na dhima humwangukia yeye.

Tofauti hiyo inadhihirika katika Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein inayotokana na Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Kinjeketile anatoka mtoni na maji pamoja na kauli. Kauli hiyo inaahidi ushindi dhidi ya Wajerumani, lakini pia inawaweka watu chini ya Seyyid Said. Mhusika mwenyewe, anapoitafakari sehemu ya pili, anaitilia shaka ya kwanza. Watu wanayashika maji na kuyaacha maneno. Kwa kufanya hivyo wanaugeuza utabiri kuwa ndege: ishara inayojitosheleza, isiyoulizwa imetoka kwa nani wala kwa sharti gani.

Mwishoni, Kinjeketile anapotakiwa kukana nguvu ya maji, anakataa. Tukio hilo lina uzito kwa sababu yeye anaweza kukana. Bundi hana la kukana. Akikana, vizazi vijavyo vitarithi aibu badala ya sababu ya kupigana. Asipokana, waliokufa wanabaki bila mtu wa kuwajibika kwa ajili yao. Tamthilia haimwondolei mzigo huo.

Hivyo basi, uhakiki unaoyaita maji hayo ushirikina tu unawalaumu walioamini na kumsahau aliyesema. Kuutenga utabiri na ndege kunalirudisha swali la uwajibikaji mahali pake: nani alitamka, alitamka nini, na nani alinyamaza alipopaswa kuuliza.