Mlango wa Dema

Ukitaka kumjua fundi wa dema, usimpime anaposuka ubavu. Msubiri afike mlangoni.

Sisi wa Mabibo tumezoea matenga. Yanashushwa sokoni na nyanya, yanarundikwa pembeni yakiwa tupu, na hakuna anayeyatazama mara mbili, kwani tenga kazi yake ni kubeba. Dema limepewa kazi ngumu zaidi. Mtego huu wa mianzi au fito unatakiwa kumshawishi kiumbe mwenye woga aingie kwa hiari yake, kisha asione alikopitia.

Kunduchi, kama ilivyo Unguja na Mafia, kazi huanza kwa kisu. Mwanzi unapasuliwa papi, na kila upapi unachongwa upande wa ndani mpaka ukubali kupinda bila kuvunjika. Ndipo msuko unaanza. Papi hupita njia tatu, siyo mbili kama za mkeka, na zinapokatana huacha matundu ya pembe sita. Hapo mimi huduwaa kila mara. Hakuna msumari, hakuna gundi. Kila upapi umebanwa na wenzake wanaoukata kwa mshazari, kwa hiyo tundu halitanuki wala halisogei. Ukivunjika mmoja, wa jirani wanaendelea kushika. Mkondo unapita, samaki hapiti.

Halafu mlango. Nje ni mpana, unasinyaa kadiri unavyozama, na mdomo wake unaishia ndani kabisa, mbali na kuta. Ncha za papi huachwa huru, zikielekea ndani. Aliyenaswa huzunguka akiambaa na ukuta kutafuta pa kutokea, kumbe mdomo uko katikati, pale ambapo hana sababu ya kwenda. Mlango ukiwa mpana mno, wanatoka. Ukibana mno, pono mnene anageuza njia. Kipimo hicho fundi anacho viganjani.

Wapo na wengine waliomsoma samaki. Mwaka 1936 huko Ufini, Lauri Rapala alichonga kwa gome jepesi kisamaki cha bandia, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kikawa kinayumba majini mfano wa samaki aliyejeruhiwa. Alikuwa ameisoma njaa ya samaki wakubwa. Msukaji wa dema, kwa maoni yangu, amesoma zaidi ya njaa. Anajua samaki wa mwambani wanapenda kivuli na pango, wanafuata harufu ya majani ya bahari yaliyotiwa ndani, na wakiona wenzao wamo, nao hujongea. Tasi wa kwanza kuingia anakuwa chambo cha wa pili.

Dema likikamilika, mawe hufungwa sakafuni mwake ili bamvua isilibebe, kisha hushushwa mwambani.

Pwani ya Kenya wamelifanyia nyongeza ndogo: mwanya mwembamba ubavuni, ili samaki wachanga watoke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba samaki waliovuliwa kwa madema hayo walikuwa wakubwa zaidi, na kipato cha wavuvi kilipanda. Wazo hilo nimelipenda kwa sababu linamhitaji fundi. Mwanya ukizidi kidogo tu, tasi wa kuuzwa atajipenyeza ubavuubavu. Ukipungua, wachanga watabaki. Natamani mafundi wa Kunduchi waujaribu, wautafutie upana wake, na wauzungushie msuko usiolegea.